Meya, Soko la Owino na Wajibu wa Askari

Mtu akishuka kutoka katikati ya jiji la Kampala kuelekea bonde la Nakivubo, karibu na mfereji unaopeleka maji ya mvua ya jiji katika Ziwa Viktoria, hukuta soko ambalo jina lake rasmi ni Mtakatifu Balikuddembe. Jina hilo ni la Joseph Mukasa Balikuddembe, mfiadini aliyeuawa mwaka 1885. Lakini mwulize mpita njia yeyote soko la Mtakatifu Balikuddembe liko wapi, naye atafikiri kidogo kabla ya kujibu. Mwulize Owino, naye ataonyesha kwa kidole mara moja. Soko hilo lilianzishwa mwaka 1971, na tangu hapo limekua hata mara nyingi hutajwa kuwa na wachuuzi wapatao 50,000, wengi wao wakiwa wanawake.

Askari wa Uganda wanalijua soko la Owino kwa njia mbili. Kwanza wanalijua kama wanunuzi. Shule zinapokaribia kufunguliwa, konstebo mwenye watoto wanne na mshahara wa konstebo hapeleki watoto wake katika maduka ya vioo. Huwapeleka Owino, akapekua mitumba, akabishana bei, akarudi kambini na viatu na masweta. Pili wanalijua kama walinzi. Soko likiwaka moto, kama lilivyowaka Februari 2009 na tena mwaka 2011, ni askari anayeitwa usiku kuzuia wezi. Pakitokea mabishano juu ya ushuru, juu ya meza au juu ya nani mwenye soko, ni askari yule yule anayeitwa asubuhi, naye huja na kirungu.

Kwa sababu hiyo, mambo ya soko hili na ya umeya wa Kampala yanamhusu askari kuliko anavyodhani. Katika jiji hili mtu anayetaka kuwa meya hana njia ya kulikwepa Owino. Hapo ndipo penye kura nyingi mahali pamoja, na hapo ndipo penye watu wanaojua thamani ya mtetezi, kwa kuwa mali yao yote imo katika meza moja ya mbao na furushi moja la nguo.

Historia inathibitisha jambo hilo. Mwaka 1998 wakazi wa Kampala walimchagua kuwa meya Bwana Nasser Ntege Ssebaggala, mfanyabiashara ambaye watu walimwita kwa jina la mapenzi, Seya. Hakuwa msomi, wala hakujifanya kuwa msomi. Wenye elimu walimcheka kwa Kiingereza chake. Watu wa sokoni walimpenda kwa sababu alisema kama wao. Mwaka ule ule alikamatwa nchini Marekani kwa makosa ya fedha, akafungwa huko, na kiti kikaenda kwa mwingine. Wengi waliamini kwamba habari yake imekwisha. Haikuwa hivyo. Mwaka 2006 wapiga kura walimrudisha, akashika umeya mpaka mwaka 2011. Alifariki dunia mwaka 2020. Yapo mengi ya kulaumu katika uongozi wake, lakini lipo moja la kujifunza: mchuuzi akimwona mtu kuwa ni wake, hamwachi upesi.

Wakati Bwana Ssebaggala akiwa meya, Bwana Erias Lukwago, wakili wa chama cha Democratic Party, alikuwa Bungeni akiliwakilisha eneo la Kampala ya Kati tangu mwaka 2006. Hilo ndilo eneo la masoko, la vituo vya teksi na la maduka madogo. Sauti yake ilisikika sana katika mabishano juu ya ardhi ya jiji, na juu ya masoko.

Yafaa kueleza mabishano hayo yalikuwa nini. Katika miaka ya 2000, masoko kadhaa ya Kampala, Owino likiwamo, yalikodishwa kwa kampuni binafsi ili iyaendeleze. Wachuuzi walipinga. Walisema wao ndio waliolijenga soko kwa miaka mingi, meza kwa meza, na kwamba mwenye kampuni akishajenga ghorofa watashindwa kodi yake. Mikataba ilivunjwa, na mwenye kampuni akadai fidia. Dai hilo likafika shilingi bilioni 142, likazusha kashfa kubwa, na Februari 2012 mawaziri wawili wa serikali wakajiuzulu kwa ajili yake. Kumbe mwanamke aliyekaa nyuma ya furushi lake akipiga kelele kwamba soko lisiuzwe hakuwa mjinga wa maendeleo. Aliiona hasara mapema, kabla ya wakubwa waliotia sahihi zao.

Mtu aliyesimama upande wa watu kama hao katika shauri kama hilo hakukosa kura. Mwaka 2011 Bwana Lukwago aligombea umeya. Upigaji kura wa kwanza, Februari 23, ulivunjika baada ya kugunduliwa kura zilizokwisha kutiwa alama. Uchaguzi ukarudiwa Machi 14, naye akashinda kwa zaidi ya kura laki mbili, karibu theluthi mbili za kura zilizopigwa. Wachuuzi walisherehekea. Waliona kwamba sasa mtetezi wao ndiye mwenye jiji.

Hapo ndipo lilipo fundo la mazungumzo haya. Mtetezi wao hakuwa mwenye jiji. Kabla ya kura zile kupigwa, sheria ilikwisha kubadilika. Bunge lilikuwa limepitisha Sheria ya Jiji Kuu la Kampala ya mwaka 2010, iliyoanza kutumika Machi 2011. Chini ya sheria hiyo halmashauri ya zamani iliondolewa, ikaundwa Mamlaka ya Jiji Kuu la Kampala, na jiji likawekwa chini ya serikali kuu. Meya akaongezewa ukubwa wa jina, akawa Meya Mkuu, lakini akapunguziwa kazi. Fedha, wafanyakazi, leseni na askari wa jiji vikawa mikononi mwa Mkurugenzi Mtendaji anayeteuliwa na Rais. Juu yao akawekwa Waziri wa mambo ya Kampala. Mwezi Aprili 2011 Bibi Jennifer Musisi aliteuliwa kuwa Mkurugenzi Mtendaji wa kwanza.

Jiji likawa na vichwa viwili. Kimoja kilikuwa na kura bila fedha, na kingine kilikuwa na fedha bila kura. Haki inadai isemwe kwamba Bibi Musisi hakukaa bure. Barabara zilitengenezwa, ukusanyaji wa mapato uliongezeka, na takataka zilizokuwa zimezoeleka zikaanza kuondolewa. Lakini katika usafi huo wachuuzi waliokuwa wakitandaza bidhaa zao kando ya barabara walifukuzwa, na bidhaa zao zikachukuliwa. Walikimbilia kwa meya waliyemchagua. Meya akapiga kelele, kwa kuwa sheria haikumwachia chombo kingine. Wafuasi wake walisema anazuiwa kufanya kazi. Wapinzani wake walisema anazuia kazi. Wote wawili walikuwa na ushahidi wa kuonyesha.

Mgogoro ule uliendelea mpaka mwaka 2013. Madiwani walileta malalamiko, na baraza la uchunguzi lililoongozwa na jaji likamwona Meya Mkuu kuwa na makosa ya kushindwa kazi na kutumia vibaya madaraka. Novemba 25, madiwani walikutana katika Jumba la Jiji, Waziri akisimamia kikao, ili wapige kura ya kumwondoa. Polisi walilizunguka jumba. Asubuhi hiyo hiyo Mahakama Kuu ilitoa zuio kwamba kikao kisiendelee. Wakili mmoja alikuja na karatasi ya zuio mkononi. Alizuiwa, akapigwa. Kikao kikaendelea, na kwa kura 29 dhidi ya 3 Meya Mkuu akaondolewa. Siku tatu baadaye Mahakama Kuu ilisema kwamba Bwana Lukwago bado ni Meya Mkuu. Serikali haikukubaliana na uamuzi huo, shauri likapanda na kushuka katika mahakama kwa miezi mingi, na meya hakurudi ofisini kwake mpaka wapiga kura walipomchagua tena mwaka 2016. Mwaka 2021 walimchagua mara ya tatu.

Ndugu wasikilizaji, si kazi ya mazungumzo haya kuamua kati ya meya na madiwani. Hilo lilikuwa na mahakama zake, na lilikuwa na wapiga kura wake. Lakini siku ile ya Novemba palikuwa na mtu wa tatu ambaye habari zake hazikuandikwa sana, naye ni konstebo aliyesimama langoni.

Konstebo huyo si mwanasheria. Hakumchagua Waziri wala madiwani. Pengine mama yake mzazi ni mchuuzi, na pengine alimpigia kura meya yule yule. Aliambiwa azuie watu, naye akazuia. Ghafla ikaletwa karatasi yenye mhuri wa mahakama. Nyuma yake iko amri ya mkubwa wake. Mbele yake iko amri ya jaji. Afanye nini?

Jibu halimtaki awe msomi wa sheria. Katiba ya Uganda ya mwaka 1995, katika kifungu cha 128, inaviagiza vyombo vyote vya dola kuzisaidia mahakama ili kazi yake itimie. Polisi ni chombo cha dola, na jeshi ni chombo cha dola. Kwa hiyo askari wa langoni hadaiwi kuifasiri karatasi ile, wala hadaiwi kuamua kama jaji amekosea. Anadaiwa mambo mawili tu: karatasi imfikie mkubwa wake bila kuchelewa, na mtu aliyeileta asiguswe. Mkubwa akiisha kuipokea, lawama au sifa ni yake. Lakini konstebo akimpiga tarishi wa mahakama, amejitwalia mwenyewe mzigo ambao hakuna aliyemtwika.

Wapo askari wanaosema, "Mimi nilitumwa." Neno hilo lilikuwa na nguvu zamani. Leo limepungua nguvu. Sheria ya kuzuia na kukataza mateso, iliyopitishwa mwaka 2012, inasema wazi kwamba amri ya mkubwa si kinga kwa askari aliyemtesa mtu. Mkubwa huenda akahamishwa, akastaafu, akasahau jina la konstebo aliyemtuma. Konstebo ndiye atakayesimama kizimbani, naye atasimama peke yake. Mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani, na marejeo ya askari ni kwa raia wenzake.

Mfano wa karibu zaidi ni wa Machi 2020, wakati wa ugonjwa wa korona. Serikali ilifunga biashara nyingi ili kuzuia maambukizo. Wauza vyakula waliruhusiwa kuendelea kwa sharti la kulala sokoni, nao walilala humo, wengine chini ya vyandarua vilivyofungwa kwenye nguzo za meza zao, ili jiji lisife njaa. Katika siku hizo hizo askari wa ulinzi wa mitaa walionekana mjini Kampala wakiwachapa kwa fimbo wanawake waliokuwa wakiuza bidhaa. Picha zikaenea dunia nzima. Uongozi wa jeshi haukusema kwamba picha zile ni za uongo. Uliomba radhi hadharani. Kuomba radhi si unyonge. Jeshi linaloweza kusema "hapa tumekosa" ni jeshi ambalo raia anaweza kulipelekea habari za mhalifu bila woga.

Na si jambo geni katika jeshi hilo. Wakongwe waliopigana vita vya msituni katika miaka ya 1980 wanakumbuka kanuni za nidhamu walizofundishwa huko Luwero. Zilimkataza mpiganaji kumtukana au kumpiga raia, na zilimkataza kuchukua mali yake, hata ikiwa ni ndizi mbivu au kipande cha muwa. Msomaji wa leo aweza kucheka: ndizi ni kitu gani? Lakini waliotunga kanuni hizo walijua kwamba ndizi moja ndiyo mtaji wa yule mama. Askari anayepiga teke sinia la nyanya sokoni Owino hamwagi nyanya tu. Amemwaga mkopo wa jana, karo ya mwezi ujao na chakula cha jioni.

Kadhalika Katiba, katika kifungu cha 208, inalitaka jeshi liwe la taifa zima, lisilo na upande wa chama, lenye nidhamu, na lenye kutii mamlaka ya kiraia. Kifungu cha 212 kinawapa polisi kazi ya kulinda maisha na mali. Kifungu hicho hakisemi mali ya tajiri peke yake. Furushi la mitumba ni mali. Kibanda cha mabati ni mali. Na kifungu cha 1 kinasema kwamba madaraka yote ni ya wananchi, ambao huamua wenyewe nani awaongoze. Mchuuzi akisimama katika mstari wa kura kumchagua meya, hafanyi fujo wala hafanyi mzaha. Anatumia madaraka yaliyotajwa katika kifungu cha kwanza kabisa cha sheria mama ya nchi.

Hata hivyo maneno ya wajibu hayawaelekei askari peke yao. Wagombea nao wana lao. Tangu sheria ya mwaka 2010 ianze kutumika, Meya Mkuu wa Kampala si mwenye hazina ya jiji wala si mwenye amri juu ya askari wa jiji. Mgombea anayesimama juu ya kreti la soda pale Owino na kuahidi kwamba akichaguliwa hakuna mtu atakayegusa kibanda chochote, ahadi hiyo hawezi kuitimiza, naye anajua. Hata mitumba yenyewe, ambayo ndiyo roho ya soko, si jambo la meya. Rais Museveni alipotangaza Agosti 2023 kwamba uingizaji wa nguo hizo utapigwa marufuku, tangazo hilo halikupitia Jumba la Jiji. Mtetezi wa kweli humwambia mchuuzi ukweli: hiki nitakifanya, hiki nitakisemea tu, na hiki kinahitaji Bunge. Mtetezi wa uongo humpa mchuuzi matumaini asubuhi, na jioni humwachia askari kazi ya kuyavunja.

Wachuuzi nao wana lao. Njia ya katikati ya soko ikijazwa meza, gari la zimamoto halipiti, na Owino limekwisha kuungua zaidi ya mara moja. Mfereji wa Nakivubo ukitupiwa takataka, mvua ikinyesha maji hurudi katika meza za wale wale waliotupa. Kumchagua mtetezi hakumwondolei mtu wajibu wa kufagia mbele ya kibanda chake.

Wenye madaraka makubwa nao hawakosi lao. Mtu akichaguliwa na watu laki mbili, akakuta kwamba ofisi yake haina funguo, watu hao hawatakaa kimya. Watatoka barabarani, na aliyeiandika sheria hatakuwako barabarani siku hiyo. Atakuwako askari. Sheria isiyolinganisha kura na uwezo ndiyo inayomgombanisha konstebo na mama yake. Basi wanaozitunga na kuzirekebisha sheria za jiji yawapasa kumkumbuka askari huyo, kwamba wanapoacha fundo bila kulifungua mezani, wanampelekea yeye alifungue kwa kirungu, naye hawezi.

Kampala itaendelea kuchagua mameya. Kiti ni cha jiji. Leo anakikalia huyu, kesho yule, na kila baada ya miaka mitano watatokea wengine kutoka sokoni, kutoka vituo vya teksi na kutoka mitaa ya mabondeni, wakisema kwamba wao ndio sauti ya wanyonge. Baadhi watasema kweli. Askari hatakiwi kuwapenda wala kuwachukia. Anatakiwa kuwalinda wote sawasawa wanapoomba kura, kulinda sanduku wakati wa kuhesabu, na kuheshimu hukumu pale shauri linapofika mahakamani.

Kisha Januari itafika, na shule zitakaribia kufunguliwa. Askari yule yule atavua sare, atavaa shati la kawaida, atamshika mtoto wake mkono na kushuka Owino kutafuta viatu. Heri askari anayeweza kulipita soko lile siku hiyo bila kuinamisha uso, akasalimiwa na mwanamke wa meza ya kwanza kwa jina lake, na akapunguziwa bei.